Nafasi ya Mwisho Katikati ya Maua

Kwa heshima zote na kwa majonzi yanayostahili, wafanyakazi wanatangaziwa kwamba kile kiti cha chumba cha uchoraji chenye mguu mmoja mfupi, uliotegemezwa kwa kadibodi, kitakuwa wazi kuanzia tarehe 30 Septemba. Aliyekikalia kwa miaka thelathini na moja anastaafu siku hiyo. Wanaokimezea mate wasubiri angalau asimame.

Tunamwita Mama Vikonyo, kwa sababu hajawahi kuruhusu ua lielee hewani bila kikonyo chake. Amechora nakshi za vitambaa vya mablanketi ya viraka, kazi ambayo wengi hudhani ni kuchora maua, basi. Wangejua. Ua kubwa likipita kwenye mkasi wa mshonaji hubaki petali moja na aibu. Kwa hiyo yeye aliyachora madogo, akayaelekeza kila upande, ili kiraka kigeuzwe kitakavyo na lisiwepo la kusimama kichwa chini peke yake.

Alianza katikati ya karatasi bila kugusa kingo. Kisha aliikata vipande vinne, akavibadilisha nafasi, kilichokuwa ndani kikaenda nje. Hapo karatasi hubaki na uwazi katikati. Akishaujaza, kingo zinakutana zenyewe, na nakshi inajirudia mita kwa mita bila jicho kujua ilipoungwa. Baadaye nakala zilibandikwa ukutani, naye akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, macho kayafinya, akitafuta shimo. Shimo ndiyo dhambi kubwa ya kazi hii: nafasi moja iliyosahauliwa hujirudia kitambaa kizima, kama pengo la bwana harusi kwenye kila picha. Mwanagenzi aliposhindwa kuona shimo lake mwenyewe, Mama Vikonyo aliianza ile methali ya nyani, halafu kwa adabu akaiacha ijimalizie.

Mumewe alikuwa mchanganya rangi wa ghorofa ya chini. Kila alasiri alipanda ngazi akiwa na rangi ya siku hiyo kwenye ukucha wa gumba, wakagombana. Mzee akisema ni nyekundu, mkewe akisema ni nyanya iliyokata tamaa. Wakishapatana, Mama Vikonyo alimwonyesha nafasi ya mwisho kabisa iliyobaki kwenye mchoro, akamwuliza iwekwe nini. Mzee hakuwa mtu wa mashairi. Alisema kifungo. Alisema harage. Siku moja, akiwa na njaa, alisema kitunguu. Vyote vilichorwa, ndiyo maana mawaridi yetu yanayosifiwa yana harage katikati na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Mwaka jana mzee alianza kupanda ngazi kwa shida, halafu akawa hapandi, halafu tukamzika. Mama Vikonyo alirudi mezani na kuchora matawi ya buluu yenye matunda madogo, kazi safi kuliko zote alizopata kufanya. Katikati akaacha shimo.

Tulidhani macho yamechoka. Mmoja wetu akapendekeza kipepeo, mwingine jani, na meneja, kwa upole wa kimeneja, akapendekeza chochote. Mama alitusikiliza mpaka tukaisha. Akasema aliyeulizwa bado hajajibu.

Meneja alikaa na mchoro ule siku kadhaa. Kupitisha shimo ni kujitafutia hasara, na hii ndiyo ilikuwa nakshi ya mwisho ya mama huyu. Kuijaza kwa mkono wa mtu mwingine kungekuwa kumjibia marehemu. Mwishowe aliupeleka mitamboni kama ulivyo. Kitambaa kilipotoka, Mama Vikonyo alikitandaza mezani, akatembeza kidole kutoka pengo hadi pengo, polepole, mpaka kitambaa kikaisha. Sisi wengine ghafla tukawa na shughuli dirishani.

Asante, mama yetu, kwa bustani zote ulizotuoteshea bila tone la maji. Uendako ukalale asubuhi hadi ushibe usingizi, na majirani wasikugeuze mchora kadi wa bure. Maisha yawe mepesi kwako.

Kitambaa kile kinauzika vizuri. Washonaji hukiweka upande wa chini wa blanketi, kwa kuwa huko hakuna anayeangalia.