Kiduara Kinazunguka

Benchi letu la kona lina miguu mitatu na tofali moja, na hilo tofali ndilo pekee pale lisilo na maoni. Leo mchana mtandao ulikatika mtaa mzima, kisha ukarudi, simu zikaanza kulia mifukoni. Kamera ya Seremala tu ndiyo haikurudi. Aliifunga chumbani kwa baba yake, mzee wa presha anayeishi peke yake hapo ng'ambo ya barabara, ili amwangalie kwa simu akiwa kazini. Sasa simu inaonyesha kiduara kinazunguka, na mzee akipigiwa hapokei. Seremala amesimama, kahawa imempoa mkononi. Mimi nilikuwa na hofu, ila niliifunika kwa mdomo kama wenzangu.

— Zima simu, washa, alisema Kinyozi.

— Nimezima na kuwasha mpaka betri inalalamika.

— Basi ni ruta.

— Ruta baba anagawana na jirani. Simu ya jirani inashika.

— Si unaona? Kamba hukatikia pembamba.

— Kinyozi, haina kamba. Inapita hewani.

— Hewa nayo ina pembamba yake.

Bingwa, tunayemwita hivyo tangu atengeneze redio ikabaki kushika stesheni moja, alieleza kwamba mtandao ukikatika ghafla, kamera huzimia. Ikizinduka haimjui hata mwenyewe, mpaka ipewe nywila upya.

— Lakini usiiharakishe, aliongeza. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

— Na baba je?

Muuza Kahawa akadai huko juu kuna foleni, kamera za matajiri zinaunganishwa kwanza. Kinyozi akampiku: huenda mtandao uliorudi sio ule uliokatika, ni pacha wake mwenye jina lilelile, na kamera imemshtukia, imekataa. Bingwa alitikisa kichwa kama daktari.

— Bado kinazunguka, alisema Seremala.

Mama mmoja mpita njia akatua ndoo yake ya nguo kupumzisha mkono. Alitusikiliza kidogo.

— Huyo mzee anakaa mbali, baba zangu?

— Pale, mlango wa buluu.

— Mmepiga hodi?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Bingwa akatafuta kitu mfukoni. Nami niliona haya, sikuficha. Aliyejibu ni Seremala.

— Naogopa, mama. Simu ikinyamaza, ni simu tu. Mlango ukinyamaza, basi tena.

Mama hakubishana naye. Alivuka barabara, nasi nyuma yake.

— Hodi!

Kimya.

— Hodi humu ndani!

Kimya. Seremala akashika ukuta. Ya tatu aliipiga mwenyewe.

— Hodi, baba.

Tukasikia kitanda kikilia, kisha ndara zikiburuzwa. Mlango ukafunguliwa. Mzee alikuwa na fulana ya kulalia, na waya wa kamera mkononi.

— Mtandao ulipokatika, kile kitaa cha kamera kikazima, nikapata usingizi wa kweli, alisema. Kilipowaka tena nikaichomoa, nikarudi kulala. Inaingia chumbani kwangu bila hodi, inanikodolea macho, wala haiamkii.

Seremala alifungua mdomo kufoka. Machozi yakamtangulia.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Sasa ingia.