Mweusi wa Kwanza Kuvaa Ile Jezi

Ndugu zangu, dada aliyenikaribisha hapa mbele amesema mimi ndiye Mweusi wa kwanza kuchezea timu ile ya kulipwa kule Riyadh, na nyinyi mkapiga makofi. Si uongo. Lakini makofi hayo yawekeni kwanza, maana bado hamjasikia.

Nilienda kama mlinzi. Tulilala wanane chumba kimoja mtaa wa Al-Murabba, na kazi yangu ilikuwa kukaa getini, kwenye uwanja wa timu ya kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kufanya kazi kule. Haikuandikwa popote kwamba Mweusi hachezi. Hachezi tu. Siku moja wachezaji wakapungua mazoezini, bosi akaniita, "Yalla, ingia wewe." Nikaingia na viatu vyangu vya kazi, nikafunga mawili. Wiki iliyofuata nikapewa jezi.

Mechi ya kwanza mashabiki waliniigizia mlio wa nyani, wakanirushia maganda ya ndizi. Nikamtazama bosi, anacheka. Na mimi nikacheka. Nawaambia ukweli, kicheko changu kiliniuma kuliko maganda yao, lakini nilikizoea.

Kisha akaja Mkenya mwenzetu, dereva, kuomba majaribio. Mtu huyo alikuwa na mbio kunishinda, na mguu wa kushoto ambao mimi sijawahi kuwa nao. Bosi akanivuta kando, akataka kujua kama anafaa.

"Hana nidhamu, bosi," nikamwambia. "Atakusumbua."

Akafukuzwa papo hapo, viatu mkononi. Hakuna aliyeniambia kwamba nafasi ya Mweusi ni moja. Nilijua mwenyewe, nikailinda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa mwenzangu.

Mwaka ule tulichukua kombe Jeddah, na bao la ushindi nilifunga mimi. Wakajipanga kwa picha, nami nikapiga goti mbele. Bosi akanipa simu yake, akasema nisimame kule niwapige. Nikawapiga picha tatu. Kesho yake nikamuuliza kwa nini. Akasema halas, yaani imekwisha, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, hakuishughulikia tena.

Nikabaki bila kibali, nikajificha mtaa wa Karantina, kule Jeddah, kwa Waafrika wenzetu, njaa ikinitafuna. Aliyenifungulia mlango ni yule dereva. Kumbe alikuwa amehamia huko. Alinilisha miezi mitano. Siku nilipojikaza nikatubu kwake, hata hakuinua macho.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Bosi aliniambia ni wewe. Kula, ugali unapoa."

Nikamega tonge, nikala. Hapo ndipo nilipoanza kupona, ndugu zangu, wala si siku ya jezi.

Nawashukuru waliohangaikia karatasi zangu nikarudi nyumbani; wengine mmo humu. Ukijaliwa kuingia wa kwanza, simama mlangoni umpe mkono yule anayekuja wa pili. Mimi wangu nilimsukuma nje. Namshukuru Mungu kwa ajili ya dereva yule, maana alinisamehe. Lakini magoti yake sasa yamezeeka, na nafasi ile siwezi kumrudishia.