Zamu ya Kumlea wa Mwenzio

Mheshimiwa Mkurugenzi, Daktari Mkuu wa kituo chetu cha afya, ndugu wageni waalikwa, kina mama wenzangu, na nyinyi watoto mnaolia hata kabla sijawakosea: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano za kumuaga muuguzi wetu, Mama Zamu, anayestaafu leo. Hotuba nimeiandika kwa mkono mmoja, wa pili umebeba mtoto. Nikiruka mstari, mjue umelambwa.

Kile chumba nyuma ya dirisha la dawa kilikuwa makazi ya panya na vitanda vilivyovunjika. Mama Zamu alikifagia, akatandika mkeka, akatuita sisi tunaoshona, tunaouza mboga, tunaofua nguo za watu, akatupanga wawili wawili kuwalea watoto wa wote wengine wakiwa kazini, kila mmoja asubuhi moja kwa wiki. Sharti lilikuwa moja tu: ukiwa zamu, mwanao humgusi. Akilia, atabembelezwa na mwenzako.

"Huo si ukatili, dada?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Wako utamlea nyumbani," akanijibu, mikono ikiwa ndani ya beseni. "Hapa ujue kwamba huyu mwenye kamasi naye ni wako."

Wasomi huliita jambo hilo utu, na wameliandikia vitabu vinene. Yeye aliliandikia ratiba, akaibandika ukutani kwa plasta ya vidonda.

Je, nilielewa? Nilielewa kupita kiasi! Siku moja, kwa uchovu, nilifunga mbeleko nikaenda zangu nyumbani. Mama mkwe akafunua mbeleko mgongoni kwangu: "We mwanamke, huyu ameota meno lini?" Nilikuwa nimembeba mtoto wa mke wa fundi viatu! Nilirudi mbio, nikamkuta wangu amelala kifuani kwa huyo mke wa fundi.

"Wangu amekula?" akaniuliza.

"Amekula, na kidole changu pia."

"Basi hatudaiani. Kaa upumue."

Mheshimiwa Mkurugenzi, juzi tumekuta barua yako mlangoni. Mama Zamu akiondoka, chumba kitafungwa Jumatatu kiwe stoo ya mafaili. Nakubali, mafaili hayalii wala hayajikojolei. Lakini chumba kikifungwa, cherehani yangu inanyamaza, na kazi za wenzangu tisa vivyo hivyo. Watoto tuwaweke wapi, kabatini?

Sibishani nawe mbele za watu. Nauliza tu: huyo niliyekupakatisha nilipopanda hapa, ulidhani ni wangu? Wangu yuko kwa Daktari Mkuu, anatafuna kitambulisho chake. Mama wa huyo uliyempakata yuko sokoni, anarudi saa kumi. Umembembeleza vizuri, sote tumekuona. Mama Zamu ameshakuandika kwenye ratiba: Jumanne asubuhi.

Na kwa desturi ya chumba chetu, anayempakata mtoto haondoki mpaka mama yake arudi. Kwa hiyo muda wa kuzungumzia ile barua tunao, tena wa kutosha.

Mama Zamu, pumzika sasa, umetufunza. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu na kwa mapaja yenu. Mheshimiwa, kichwa kishikilie juu kidogo. Hapo hapo.