Mama Tiketi na Kapteni wa Kiti cha Pembeni

Wasifu uliochapwa kwenye programu za mazishi mlizoshika una kasoro kubwa, na mimi mwanawe ndiye niliyeuandika. Naomba mnivumilie nisome huu mwingine. Tangu juzi sijielewi.

Mama yetu mpendwa, mliyemzoea kwa jina la Mama Tiketi, alizaliwa tarehe 9 Machi, miaka ishirini kabla ya vita, kifungua mimba wa fundi viatu na mkewe. Alisoma mpaka darasa la nane, kisha akaajiriwa kuuza tiketi katika sinema ya mjini. Hata nyumbani kila mtu alikuwa na kiti chake. Baba alipochelewa kula aliuliza mlangoni, "Mkuu, tiketi zimebaki?" Mama akamjibu, "Zimebaki za kusimama."

Programu inasema wakati wa vita "aliendelea na kazi yake kwa uaminifu." Jamani! Juzi tukipokea rambirambi sebuleni, aliingia bibi tusiyemjua, akaomba auone uso wa mama. Alisema ni dada wa kapteni wa jeshi lililoukalia mji wetu. Kaka yake alikwenda likizo akawaambia kwao amepata mchumba, muuza tiketi. Aliporudi kazini, hakuonekana tena.

Shangazi akamkatiza, "Bibi, umekosea nyumba."

Baba, ambaye siku zile ndiye aliyeendesha mashine ya kuonyeshea picha pale sinema, akasema, "Hajakosea."

Baba akaeleza kwamba wapiganaji wetu walimtuma mama amnase kapteni kwa mapenzi. Mama akamchekea dirishani, wakatoka pamoja, akajua malori ya silaha yangepita wapi. Mwisho alimuuzia kiti cha pembeni, karibu na mlango wa nyuma, wapiganaji wakamtoa na kumuua uani. Picha ya siku hiyo ilikuwa ya majasusi, mwanamke akimlaghai ofisa, na ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi.

"Mama alimpenda?" nikauliza.

"Mwanangu, aliniambia hapana. Sikumuuliza mara ya pili."

Vita vilipoisha baba na mama walifunga ndoa, tarehe 2 Juni. Mama alianza kusumbuliwa na moyo mwaka jana, akafariki Jumanne, tarehe 14, asubuhi, baba akiwa amemshika mkono. Nampenda mama yangu, lakini nasimama hapa namzika mtu nisiyemfahamu.

Shangazi alinisihi nifunike kombe. Bibi yule hakudai tuseme wala tunyamaze. Aliomba jambo moja tu: aonyeshwe kaka yake alipozikwa. Baba anapajua, kwa kuwa yeye na mama ndio waliomchimbia kaburi.

Mama ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na wifi mmoja. Bibi ameketi mstari wa mbele, kando ya baba. Tukimaliza hapa, wenye majembe msiondoke. Baba atatangulia, nasi tutamfuata hadi kwenye kaburi la kapteni.

Mama, pumzika kwa amani, ukiweza.