Utani Uliomtoa Kalaba Mnarani

Gauthier, zima hiyo televizyo. Léa, sogea karibu nisilazimike kupandisha sauti. Na wewe Fils, acha kuangalia mlango, daktari amekwisha kusema alilokuja kusema na mimi nimekwisha kulisikia. Sikilizeni, batoto bangu. Mimi Donat Mwenze yote nitakayowaambia niliyaona kwa macho yangu haya mawili, sikuhadithiwa na mtu. Niliuona mnara wa kamji ketu, njia ya Mokambo, ungali na bamba lake la shaba, na asubuhi ile wezi walipolikwangua na kwenda kuliuza kama chuma chakavu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusimama mbele ya matofali matupu. Nilikuwepo kwenye kilio cha Aaron Kalaba, nilikuwepo fundi alipochonga bamba jipya. Na vita yenyewe ya Abisinia nayo niliiona, msicheke, ingawa ilipiganwa zamani kabla mama yangu hajafikiria kunizaa, maana babu yangu alinisimulia vita ile jioni nyingi mpaka nikawa nakohoa moshi wa baruti. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba Donat alisema asichokijua. Ubaya wangu si huo. Nilijua, nikasema kinyume.

Nitasema Kiswahili cha misa, kile mapadre walichonifundisha mpaka mwaka wa tano nilipotoroka shule, kwa sababu neno la mtu anayekwenda zake lapasa livae suti.

Madogo kwanza. Parsele hii ya Katuba, kiwanja na nyumba yake, msiiuze. Gauthier, wewe unakaa Golf, kwenye nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe kama mdomo wangu, huwezi kugombania vyumba viwili na bomba linalotoa maji linapojisikia. Waachie wadogo zako. Chisanga, jirani yetu, alijenga ukuta wake ndani ya mpaka wetu, na miaka yote hii sikumsalimia isipokuwa Krismasi. Msalimieni. Ukuta ule umetukinga upepo mara nyingi kuliko nilivyokubali. Kitanda changu ni cha Léa, kwa sababu ndiye anayenigeuza.

Sasa lililo kubwa. Fils, wewe hujawahi kuja mnarani hata mara moja, kwa hiyo nitaeleza kama ninayemweleza mgeni. Askari waliotoka kamji ketu wakaenda na jeshi la Wabelgiji kupigana Abisinia, kisha wasirudi, walijengewa mnara wa matofali karibu na soko. Sisi wajukuu wao tunacho chama chetu. Kila tarehe kumi na moja ya Novemba tunakusanyika pale, tunaosha bamba kwa maji na majivu, halafu prezida anaita majina. Jina likiitwa, mtu wa ukoo ule anatoka mstarini, anapiga mguu chini, anajibu: "Iko," yaani yupo. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini nimeona wazee wasioweza tena kushika kijiko wakipiga mguu ule hadi vumbi likaruka, kwa sababu mtu aliyekufa mbali, asiye na kaburi, mahali pake pa kusimama duniani ni palepale, ndani ya neno moja la mjukuu wake.

Babu yangu, Mwenze mkubwa, alirudi mzima, hivyo jina lake haliko mnarani. Mimi nilialikwa chamani kama shahidi. Sina haja ya kujisifu, mnajua wenyewe: nikianza kusimulia, hata wauza makaa walikuwa wanaegesha baiskeli. Bamba la shaba lilipoibiwa na chama kikakusanya nguvu kutengeneza jingine la saruji, ni kwangu walikuja kuuliza nani alikufa wapi na vipi. Kiti changu kilikuwa cha mbele, bia yangu ilikuwa baridi.

Ngoja. Nipe maji, Léa. Kidogo tu.

Mnajua kwamba ukoo wetu, sisi Waluba, na ukoo wa akina Kalaba ni watani. Wakifiwa wao, ni sisi tunaochimba kaburi, tunaochokoza, tunaolala mlangoni mpaka tupewe kuku. Tukifiwa sisi, wao ndio wenye kazi hiyo. Na maneno ya mtani kilioni hayana kesi. Atamwita marehemu mwizi, mchawi, mlafi, na mwenye maiti lazima acheke hata kama machozi yanamtoka, kwa sababu anayemkasirikia mtani amevunja ukoo wake. Maneno yale yanazikwa pamoja na maiti. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na ni vizuri, maana kilio bila mtani ni kifo mara mbili.

Aaron Kalaba alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa mtani. Baba yake, Kalaba yule askari wa bamba la shaba, alikuwa amemwacha mtoto mdogo mgongoni mwa mama alipokwenda vitani, asirudi. Nikafika kilioni na lutuku yangu, ile pombe kali, imenipanda kichwani, nikajilaza mlangoni jeneza lisitoke, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Munamulilia nani hapa? Huyu ni mutoto ya mutoro. Baba yake alikimbia vita, akavaa kikwembe ya muke, akatia mutungi ku kichwa, akapita mbele ya kapitene, na ule muzungu akamusalimia, bonjour mama."

Watu walicheka wakashika matumbo. Marie-Thérèse, binti wa Aaron, macho mekundu kama pilipili, akanijibu papo hapo: "Weye Donat, siku yako itafika. Nitakuzika na kinywa wazi, nzi nabo bapate fasi ya kulala."

"Bakuje," nikasema, "nitabasimulia hadithi."

Akanipa kuku. Na mimi, kwa haki ya mtani, nikavua koti la marehemu kwenye msumari, nikalivaa, nikatoka nalo. Hadi hapo, wanangu, sikuwa na kosa hata moja. Babu yangu mwenyewe angeniona angejivuna.

Lakini alikuwepo pale sekreteri wa chama, Dédé, kijana aliyekulia Kinshasa, ambaye hakujua utani wala watani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakucheka. Alidhani amesikia ushahidi. Na siku komite ilipokaa ili kumpa fundi majina, jina la Kalaba lilipotajwa, Dédé akainua mkono. Akasema kwa heshima, kijana wa watu: "Papa Donat, huyu Kalaba, ulisema mbele ya bantu bote kama alikimbia. Njo kweli?"

Nilikuwa nimetoka kusimulia vifo vya askari wote wengine, mmoja mmoja, na akina mama wengine walikuwa bado wanafuta macho. Neno moja lilitosha. Nilipaswa kusema, "Mwanangu, ule ulikuwa utani," tukacheka, tukaendelea. Lakini nikaona, kama mtu anavyoona gari linakuja, kwamba nikisema lile lilikuwa mzaha, mtu wa pili atauliza na haya mengine je, na kiti changu cha mbele kitarudi nyuma. Nikainua chupa. Nikasema: "Miye sisemaka neno miye sikuone."

Prezida akatikisa kichwa. Fundi akaambiwa aliache jina hilo. Mzaha mzaha, wanasema wakubwa, hutumbua usaha. Na usaha wenyewe ukachongwa saruji, kwa sababu jina lisilochongwa nalo limechongwa.

Marie-Thérèse hakuja kugombana. Angegombanaje? Mtani aliyefunga fundo ndiye anayelifungua, na yeye alikuwa ananingojea mimi. Alidhani nitafungua kesho yake. Kisha mwaka unaofuata. Kila Novemba alikuja, akaosha bamba pamoja na wengine kwa majivu yake mwenyewe, halafu wakati wa majina alisimama nyuma ya mstari, mikono juu ya tumbo. Na mimi mbele, nikisimulia, mgongoni koti la baba yake. Hilo sikulifikiria, kwamba lilikuwa koti lile. Lilikuwa linanikaa vizuri tu. Mpaka mwaka mmoja nikamsikia mjukuu wake Bénie anamvuta bibi yake kikwembe: "Kambo, shiye tunajibu saa gani?" Na yeye akamwambia: "Ngoja."

Tangu siku ile neno hilo ngoja linalala na mimi. Kujikwaa kidole kuna dawa. Aliyejikwaa ulimi hufunga wapi kitambaa?

Sasa sikilizeni alilonisimulia babu, na hili ni la kweli. Walikuwa wanatembea katika mvua, chakula kimekwisha, na kuhara kumeingia jeshini. Babu mwenyewe alikuwa amelala kando ya njia, hawezi, wenzake wamempita. Kalaba, mtani wake, akarudi nyuma. Akamkuta, akamtukana kwanza, kama inavyopasa: "Weye muluba, unataka kufia huku ili nitembee njia yote hii kuja kukuzika?" Akambeba mgongoni mpaka kwenye mto uliofurika. Kulikuwa na kamba, imefungwa ng'ambo na ng'ambo. Akavuka naye hadi karibu na ukingo, akamsukuma mikononi mwa wenzake, halafu mti ulioletwa na maji ukampiga ubavuni, akaiachia kamba. Hawakumpata tena.

Nyinyi mnakaa hapa mbele yangu, Gauthier na geti lako, Léa, Fils, kwa sababu mtu yule alirudi nyuma. Na mimi nikamwita mtoro, akiwa hana kaburi, nikavaa koti la mwanawe.

Hapana, Léa, usinifute machozi. Acha yatoke.

Mtafanya hivi. Kabla hamjanizika, mwiteni prezida na komite yote hapa uwanjani, na Marie-Thérèse awepo. Gauthier, wewe ndiye mkubwa, wewe utasema. Usiseme kwamba baba alisahau, wala kwamba alikuwa amelewa. Useme: baba yetu alijua, akanyamaza kwa sababu ya kiti. Dédé msimlaumu, alikuja na masikio ya mji mwingine na hakuna aliyemweleza, nami nilikuwa pale. Jina lichongwe kwa ukubwa uleule wa mengine, lisizidi, na litoke mkononi mwa fundi kabla Novemba haijafika, ili mtoto Bénie apige mguu wake akiwa bado anataka kuupiga. Wakisema hakuna nafasi kwenye bamba, vunjeni bamba. Pesa atatoa Gauthier, usinitazame hivyo.

Koti liko kwenye sanduku chini ya kitanda. Lisiingie kaburini na mimi. Mlikunje, mlipeleke kwa Marie-Thérèse kwa mikono miwili, msiseme maneno mengi, nyinyi ni wa kwangu, mtaharibu.

Na siku ya kilio changu watakuja watani, yaani watu wa Kalaba. Atakuja yeye mwenyewe. Atalala mlangoni, atasema juu yangu mambo ambayo mama yenu, Mungu amrehemu, hajawahi kuyasikia. Mpeni nafasi. Mpeni kuku mnene. Na mtu akisema ni utani tu, mwambieni la, mama yule anasema kweli, na Dédé naye akitaka kuyashika, ayashike.

Pumzi... inakuja na kuondoka, kama umeme wa Katuba. Njooni mnipe vichwa. Mungu aliyemvusha babu yenu awavushe na nyinyi. Mkibebwa, mkumbuke aliyewabeba. Ndimi zenu ziwe fupi kuliko wangu. Mpate watoto wanaowacheka mbele ya macho na kuwalilia nyuma. Amina, semeni amina. Vizuri.

Haya, nendeni mkale bukari, imepoa.

Léa. Rudi. Wewe peke yako inatosha, utawaambia wengine.

Marie-Thérèse alikuja Jumapili, ulikuwa sokoni. Nilimsimulia habari ya mto. Yote, kama nilivyowaambia sasa. Akanishika mkono. Akaniuliza, babu yake alisema nini, pale kamba ilipomtoka. Nami... uso wake ule, Léa. Nikamwambia alipiga kelele, "Muambie Aaron baba yake amevuka." Akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya baba yake. Akasema maneno hayo yachongwe chini ya jina. Amekwisha kusema na fundi.

Yasichongwe. Mwambie wewe, mimi sitafika. Babu yangu aliona mdomo wa Kalaba unafunguka tu. Mto ulikuwa na kelele. Hakusikia neno... Hayo niliyatunga mimi.