Jogoo wa Shahidi

Kwenye meli ya Nansio kwenda Mwanza nilikaa nyuma ya mwanamke aliyekatwa vidole vitatu na mashine ya kiwanda cha samaki. Alikuwa amepakata jogoo. "Nampelekea Projest, msimamizi wangu kiwandani," alimwambia mzee jirani yake, karani mstaafu wa mahakama. "Wakubwa walitaka niseme nimeumia nyumbani. Yeye akaandika ukweli siku ileile. Bila yeye, baba, nisingekuwa na la kudai."

"Fidia umeshapata?"

"Bado. Wiki ijayo Projest anatoa ushahidi."

"Basi mrudishe nyumbani huyo jogoo, mwanangu! Watasema umemhonga shahidi."

"Kwa jogoo?"

"Nimeona kesi zikifa kwa kitu kidogo kuliko jogoo. Subiri uamuzi."

"Miezi mitatu sijamwambia hata ahsante, baba. Naona aibu."

Jogoo alinyamaza kama mshtakiwa. Mimi niliona karani yuko sahihi, ila hakuna aliyeniuliza.

Meli ikafunga gati. Mkono mmoja mzima wa yule mwanamke haukutosha kubeba kikapu chake na jogoo. Karani akamchukua jogoo kwapani, akatangulia kushuka naye, bado akisema asipelekwe.