Ombi la Ukumbi kwa Bendi ya Sanda

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utamaduni, amani iwe juu yako na juu ya wote ulioandamana nao.

Makaribisho

Sisi wakazi wa mtaa wa mafundi tunakukaribisha katika ukumbi huu unaoufungua leo. Rangi bado mbichi. Tafadhali usiegemee ukuta.

Asili ya bendi

Miongoni mwetu yupo mchomeleaji wa mageti tunayemwita Ngurumo. Yeye na wenzake watatu ndio waliotangulia nchini kupiga deth metali, muziki wa magitaa mazito, ngoma za kasi na sauti itokayo chini ya kitovu. Siku alipoijaribu sauti hiyo karakanani, tulidhani mtu anachinjwa. Tukavunja mlango kwa shoka, tukamkuta amesimama peke yake, kipaza sauti mkononi.

"Jamani majirani," akasema kwa upole, "ndiyo kwanza nimefika ubeti wa pili."

Mama yake, aliyekuwa akifua uani, akacheka. "Mlango mtautengeneza wenyewe. Huyo hata kuzaliwa alizaliwa akikoroma."

Tukayapeleka mashairi yake kwa imamu ili ayalaani. Imamu akavaa miwani, akasoma hadi mwisho. "Humu mauti hayatukanwi, yanakumbushwa," akasema. "Ila ubeti wa tatu, mshororo wa mwisho, umepungua mizani. Mwambieni aurekebishe." Ngurumo akaurekebisha, na tangu hapo wimbo wa Sanda hautoki bila kupita kwa imamu.

Mafanikio

Sanda imetoa albamu sita na imealikwa ng'ambo, ambako vijana wasiojua Kiswahili waliitikia vibwagizo neno kwa neno. Bendi changa za hapa nchini humwita Ngurumo baba. Wahenga walisema chema chajiuza. Hiki kimejiuza ugenini, nyumbani kimedoda.

Changamoto

Kila tulipoomba kibali ofisini kwako, jibu lilikuwa moja: hizo ni kelele, si muziki. Bendi sasa hufanyia mazoezi kwenye machimbo ya mawe, nje ya mji. Hivyo mama yake Ngurumo, aliyemlea peke yake kwa kushona sare za shule, amemsikia mwanawe akijinoa karakanani tu. Hajapata kumsikia akiimba na watu wakimwitikia. Safari haziwezi. Na daktari amesema sikio la kulia limekwisha, la kushoto linafuata.

Mama mwenyewe hulifanyia mzaha: "Sauti zenu nyote hazinifikii tena. Imebakia ya huyu mwanangu tu."

Ngurumo hacheki. Hushusha kinyago chake cha kuchomelea, macho yasionekane.

Ombi

Mheshimiwa, tunaomba jambo moja: kibali cha Sanda kupiga ndani ya ukumbi huu Jumamosi hii, baada ya sala ya alasiri. Majirani tumeridhia sote. Imamu naye ameridhia, ila ameomba kiti cha karibu na mlango.

Mama huyo ndiye yule wa mstari wa mbele, mwenye mtandio wa buluu. Tulimuuliza tukuambie nini kwa niaba yake. Akajibu: "Mwambieni asinipe pole, sitaisikia. Anipe ruhusa."

Mola akujaalie afya, hekima na kalamu nyepesi.

Ni sisi,
Wakazi wa mtaa wa mafundi